Hayatoki Nje ya Mlango Huu

"Tulimvunja mbavu," alisema Nyundo, na mawakili wote wawili wakaacha kuandika.

Ndiyo kwanza alikuwa ameruhusiwa kusema kweli. Mwaka mzima wakili wa kampuni alikuwa amemfunga mdomo: hukumgusa mtu, hukumwona mtu. Lakini leo hawakuwa mahakamani. Walikuwa katika chumba cha usuluhishi, meza moja na feni inayolalamika, na msuluhishi alikuwa ameshawasomea sheria ya humo. Lolote litakalosemwa katika kutafuta suluhu ni siri. Hakuna atakayeruhusiwa kulipeleka kwa hakimu kama ushahidi.

Basi Nyundo akafunguka. Alikuwa mkuu wa walinzi wa ghala, mtu wa miraba minne, na maneno yalimtoka kabla aibu haijafika.

"Tulimkuta na nyaya za shaba ndani ya shati. Nikampa ngumi ya mdomo, akakaa chini. Vijana wakamshindilia mateke ya mbavu mpaka zikalia. Bado kang'ang'ania nyaya, king'ang'anizi yule! Nikamlaza mkono kwenye chuma cha geti, nikaushushia rungu."

Ng'ambo ya meza mjane wa mtu huyo alikuwa ameinamisha kichwa. Wakili wake, binti mwenye ulimi mkali, alikuwa amekunja ngumi.

"Kisha mkampasua kichwa," alisema wakili.

"Kichwa hatukugusa!" Nyundo alipiga meza, glasi zikaruka. "Alitoka getini kwa miguu yake, anachechemea, ananitukania mama yangu mzazi. Kesho yake nasikia kakutwa sakafuni kwake, fuvu limepasuka. Sasa mtu wa fuvu lililopasuka ana nguvu za kutukana?"

"Mbona hukuyasema hayo mbele ya hakimu?"

"Angeyasema," alidakia wakili wa kampuni, "angekuwa amekiri na hayo mengine yote."

Hapo ndipo palipomuuma Nyundo. Ubabe ulikuwa kazi yake na hakuuonea haya, ila uuaji haukuwa wake. Mtaani binti yake aliitwa mtoto wa muuaji, na siku hizi baba akikaa mezani, binti huondoka na sahani yake. Alitaka mtu mmoja amwamini, japo mmoja tu.

Akamgeukia mjane. "Dada, nitukane, nipige kofi, ni haki yako. Mkono nilivunja mimi. Kichwa, naapa, sikukigusa."

Mjane aliinua uso. "Mkono wa kulia?"

"Wa kulia."

"Palepale getini? Hakuuvunja baadaye, kwa kuanguka?"

"Kuanguka wapi, dada? Ni rungu langu. Ulikuwa unaning'inia, hata kofia yake alishindwa kuiokota. Akauficha ndani ya koti, akaenda zake."

Mwanamke yule akaangua kilio, kilio cha kweli. Wakili wake alimshika bega, akamwambia asijitese, haya yote yatalipwa. Mjane aliutoa mkono wa wakili begani mwake taratibu, akafuta uso, akamtazama msuluhishi.

"Na mimi nikisema neno humu, halitoki?"

"Halitoki, mama."

"Mama, ngoja kwanza tuongee pembeni," alisema wakili wake haraka.

Mjane hakungoja. Alimkazia Nyundo macho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule Nyundo akaona mtu asiyemtazama kama mnyama. Moyo ulimruka kwa furaha.

"Nakuamini, kaka," alisema mjane. "Kila tulipogombana nikamwinulia mchi, aliudaka kwa mkono wa kulia, akacheka. Mwaka mzima najiuliza kwa nini siku ile hakuudaka."