Picha ya Dirishani

Bi Kidawa aliitoa picha ya eksirei kwenye mkoba wa ukili. Vipande vya selotepu vilikuwa bado vimeganda pembeni, na nzi walikuwa wameitia madoa.

"Hii ulikuwa umeiweka wapi?" daktari akauliza.

"Dirishani, mwanangu. Kioo kilivunjika, na mimi nilishachoka kuitazama."

Daktari hakucheka. Aliifuta kwa pamba, akaibandika kwenye ubao wa taa, karibu na ile iliyopigwa asubuhi hiyo. Bila picha hiyo ya zamani hakuwa na cha kulinganisha, na kama tundu lililoachwa na uvimbe kwenye taya halijaziba, ingebidi apasuliwe mara ya tatu. Bi Kidawa alikwishajiapia kwamba mara ya tatu haipo.

Katika picha ya zamani, pale walipoutoa uvimbe, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa njugu. Katika mpya doa lilikuwa limefifia, weupe ukilinyemelea kutoka kingoni.

"Mfupa unaota," daktari akasema. "Hatupasui. Ila urudi baada ya miezi sita, tupige nyingine."

"Nyingine," alisema Bi Kidawa, akaufunga mkoba wake mtupu. Picha zote mbili zilibaki hospitali.

Nyumbani upepo ulikuwa ukiingia utakavyo. Alikaa mbele ya dirisha lililo wazi, akamega mkate, akauweka upande wa kushoto wa kinywa, upande ambao haukutafuna kitu mwaka mzima. Akafumba macho. Hakutafuna bado.