Kitundu Juu ya Sikio

Mama mkwe alitoka Chewele kuja kumkagua mtoto. Aliambiwa mtoto hafanani na mume wangu Abdishakur hata kidogo. Akimkataa, narudishwa kwetu Kulesa.

Alimgeuzageuza kama mbuzi wa mnadani, mpaka akafika sikioni.

"Nani amemtoboa? Mnamtia alama, huyu ni mbuzi?"

"Amezaliwa nacho, mama."

Kilikuwa kitundu kidogo juu ya sikio, kama kimechomwa na mwiba. Abdishakur hana.

Joto lilimzidi mama mkwe, akalegeza mtandio afute jasho. Nikakiona kwake, palepale. Kilimrukaje baba, kikajua pa kutua?

"Mama," nikasema polepole, "hebu jiguse hapa."

Akagusa sikio lake, akagusa la mtoto. Niliponyoosha mikono nimchukue, akanikatalia, akamkumbatia.