Taa ya Mama Kidawa

Kila nyumba ina taa juu ya mlango: kijani kama wenyewe wanaiamini serikali, nyekundu kama hawaiamini. Nyekundu zikizidi nusu ya nyumba zote nchini, serikali inaondoka. Na kila mwaka, nyumba zilizofiwa katika mlipuko wa bomu kwenye stesheni ya treni hutembelewa na afisa wa usalama, ajibu swali moja la wafiwa.

Taa ya Mama Kidawa ilikuwa nyekundu miaka minne. Mwaka huu alikuja afisa mpya, kijana aitwaye Lugome. Binti wa nyumba, Kidawa, akamletea maji ya kunawa.

"Rudisha," mama yake akasema. "Najua mgeni hula kwanza, ndipo aulizwe. Lakini wenzake wanne wamekula pilau yangu, kisha wakaniambia uchunguzi unaendelea. Huyu atajibu na njaa yake."

"Mama, jamani!"

"Niambie, mwanangu," mama akamgeukia Lugome. "Siku aliyokufa mume wangu, mlikuwa mnajua?"

Lugome alitazama picha ya marehemu ukutani. "Tulijua, mama. Onyo lilifika siku mbili kabla, likapuuzwa. Niliomba ruhusa ya kukwambia, nikakatazwa."

Mama Kidawa alilia kimya, akajifuta kwa ncha ya khanga. Kisha akachukua birika, akammiminia maji mwenyewe.

"Kula, baba."

Lugome alipokuwa akila, Mama Kidawa alikwenda mlangoni, akabonyeza kitufe cha taa. Taa ikawa kijani.

"Hii ni kwa sababu yako," akasema. "Wakikufukuza, naibadilisha."

Akavuta kiti, akaketi karibu na kitufe.