Kanda ya Tatu

Kapteni alimpiga Mwasiti kwa kitako cha bunduki, jino likadondoka juu ya kibodi. Orodha ya watu wa kuuawa kesho ilikuwa faili moja kubwa mno, na Mwasiti ndiye aliyeligawa katika kanda nne za sumaku za kompyuta. Kompyuta ilisoma mbili, ikagoma.

"Ruka! Weka ya nne!"

"Hairukiki, afande. Ikikosekana moja, faili halifunguki."

"Ya tatu iko wapi?"

Buti likamvunja ubavu. Akiwa chali sakafuni, aliliona jiko la chai pembeni. Chini ya birika, utepe mweusi wa kanda ya tatu ulikuwa ukijikunja kwenye makaa.

Askari wa mlangoni akanusa. "Afande, chai inaungua."

Mwasiti akacheka, damu ikamjaa mdomoni.