Rangi ya Damu ya Mzee

Fundi Kisaka alikuwa hajashika bomba la kupulizia rangi mwaka mzima, tangu kiharusi kilipomlaza kabla hajamaliza kupaka rangi gari la kale la mteja wake. Mafundi wengine waliliomba gari lile walimalizie, lakini mwenye gari, Bi Mwanahawa, aliwakatalia wote. Asubuhi hiyo akaja na vibao vya ndani vya milango, vimepauka kwa jua.

"Mkono bado unatetemeka, mama," Kisaka alimwambia.

"Nami sina haraka, fundi."

Kisaka akakipuliza kibao cha kwanza rangi ya damu ya mzee, polepole, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Rangi ikatanda sawasawa, haikuchuruzika. Kisaka akakiweka kando kikauke. Bi Mwanahawa akakunja mikono ya gauni, akamwinulia kibao cha pili.