Makofi Mawili

"Watoto wanakupanda kichwani, mwalimu. Mkaguzi akikuta fujo hii kesho, kazi huna," mwalimu mkuu alisema mlangoni, akaenda zake.

Wanafunzi walikuwa wameshatawanyika. Mwalimu mpya akabaki kulifanyia mazoezi somo la kesho mbele ya madawati matupu. Akapiga makofi matatu, ishara yake ya kuomba utulivu. Darasa lilipaswa kujibu kwa mawili, lakini halikuwahi kumjibu.

Makofi mawili yakamjibu, kwa pamoja, mepesi kama ya viganja vidogo. Vumbi la chaki likamganda jashoni, katikati ya vidole.

Akautazama mlango. Akamkumbuka mkaguzi, akaufunga.

"Hodari, wanangu," alinong'ona. "Na kesho mtakuja?"

Madawati yote yakakwaruza sakafu, kama darasa linapoinuka kumwitikia mwalimu.