Mchoro Ulioondoka Chumbani

Tangu Mwanasiti aubandue ukutani mchoro uliochorwa na binti yake na kuupeleka kwenye maonyesho, binti huyo, Zamaradi, hakula wala kulala. Alijigonga kichwa pale pale ukutani ulipokuwa. Alikuwa msichana mkubwa sasa, asiyesema, na mama hakuwa tena na nguvu za kumzuia. Asubuhi akamshika mkono, wakaenda.

Ukumbini lilitundikwa bango kubwa: TUUFAHAMU USONJI. Vipaza sauti vilinguruma. Zamaradi akaziba masikio, akapenya katikati ya watu mpaka kwenye mchoro wake, akaukumbatia.

“Nirudishie, ndugu yangu,” Mwanasiti alimsihi mwandaaji wa maonyesho. “Mwanangu anaumia.”

“Vumilia kidogo, mama. Mchoro huu ndio utakaowafanya watu wawaelewe watoto kama yeye. Mgeni rasmi yuko mlangoni.”

“Si mwenyewe huyu hapa! Nani anamwelewa?”

Zamaradi akaanza kupiga mayowe, na watu wakainua simu kumpiga picha. Mwanasiti akavua kanga mabegani, akaitandaza kwa mikono miwili mbele ya mwanawe. Akasimama hivyo, huku makofi ya kumpokea mgeni yakizidi kusogea.